Robota la Puge na Karatasi Yangu ya Baraka

Nawasalimu kwa jina la Bwana aliyeniamsha, ndugu zangu, ninyi mnaouza na ninyi mnaonunua. Mimi naitwa Mama Kulwa. Nilizaliwa Goweko katika familia ya wakulima wa tumbaku, nikaolewa Tabora mjini, na kwa miaka mingi nimeuza vitenge mtaa wa Ng'ambo. Ushuhuda huu nimeshautoa kanisani mara mbili kwa mdomo. Leo nauandika, kwa sababu nikiusema huwa nalia kabla sijafika mwisho, na mwisho ndio wenye faida.

Nianze na maisha yalivyokuwa.

Duka langu ni dogo. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa vitenge pande zote mbili. Wakati wa kiangazi, jua la saa nne likiingia mlangoni hupita kwenye zile nguo zilizoning'inia, na sakafu yote hugeuka bluu, halafu njano, halafu damu ya mzee. Nilikaa humo kama mtu aliyekaa ndani ya maji yenye rangi. Cherehani za jirani, nyundo za mafundi bati, adhana, honi ya treni ya Kigoma, vyote vilinifikia kwa mbali. Wateja waliingia, wakashika nguo, wakacheka, wakatoka. Siku zilipita vile vile, laini, bila kelele. Sikuwa na shida yoyote niliyoijua.

Biashara yangu ilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa pale dukani, rejareja, kipande kimoja kimoja. Ya pili ilikuwa jumla: wanawake wa vijijini walikuja kuchukua robota zima, wakaenda kuuza kwenye minada ya huko kwao. Ya tatu ilianza baadaye, binti yangu aliponifundisha kupiga picha kitenge na kukiweka mtandaoni. Ndugu zangu, nilishangaa. Mtu wa Kigoma ambaye sijawahi kumwona aliandika, "Hicho cha maua nitumie viwili." Mwingine aliandika kutoka Mwanza, mwingine Dodoma. Nilifunga vifurushi, nikavipeleka stesheni au stendi, na pesa zikaingia kwenye simu zikitoa mlio mdogo kama wa ndege. Nguo zetu zikawa zinasafiri njia ile ile waliyopita wapagazi wa zamani na vitambaa vya merikani mabegani, kutoka pwani hadi Ujiji. Nilipenda kulifikiria hilo nikiwa nimekaa peke yangu.

Mimi ni mtu wa kuandika. Kabla ya duka nilikuwa katibu wa chama cha wakulima, na mkono haujasahau. Daftari la bluu lilikuwa la rejareja, daftari jekundu la jumla, na mauzo ya mtandaoni niliyaandika kwenye daftari la shule lenye picha ya twiga. Kila kitu kilikuwa humo: siku, mteja, nguo. Nilikuwa na namba ya mlipakodi, na kila mwaka nililipa makadirio ya kile kiduka cha zamani, cha wakati nauza kipande kimoja kimoja. Duka lilikua. Makadirio yalibaki pale pale, nami sikumwambia mtu.

Msidhani nilijua kwamba naiba. Nilikuwa na majibu, na kila jibu lilikuwa tamu. Nikiuza rejareja nilijiambia kodi ya nguo hii ilishalipwa kule Dar nilikoinunua, itozwe mara ngapi? Nikiuza jumla nilijiambia kodi ni ya yule atakayemuuzia mvaaji, mimi napitisha tu. Nikiuza mtandaoni nilijiambia hapa hakuna duka, hakuna meza, hakuna kibao mlangoni, ni mazungumzo ya simu. Basi mimi wa rejareja nilimwachia kodi wa jumla, mimi wa jumla nikamwachia wa rejareja, na mimi wa mtandaoni sikuwepo kabisa. Wote watatu walikuwa mtu mmoja, amekaa kwenye kigoda kimoja, anakunywa chai.

Na fungu la kumi nilitoa. Nilitoa kwa mauzo yote, bila kukosa Jumapili hata moja. Nikirudi kukaa kwenye benchi moyo wangu ulikuwa mwepesi kama pamba.

Sasa niwaeleze kuhusu karatasi, maana mambo yote yalianzia hapo. Sisi wakinamama wa umoja wetu tuna desturi. Ukimwazima mwenzako sufuria la sherehe, huandiki. Ukimpa mchango wako akuwekee, huandiki. Neno linatosha. Kumwandikia dada wa imani ni kumwambia usoni kwamba humwamini, na wapo waliowahi kununiana mwaka mzima kwa ajili ya hilo. Kwa hiyo mtu wa kanisani akinunua kwangu, risiti ilikuwa tusi. Nilimpa kijikaratasi tu ili asisahau alichochukua, na chini yake nikaandika: "Ubarikiwe dada." Wenyewe walikiita karatasi ya baraka. Walikipenda. Wengine walikitunza ndani ya kitabu cha nyimbo.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Bi Zuhura, anauza kanga na udi. Yeye ana mashine ya risiti, na kutwa nzima niliisikia ikilia upande wa pili wa ukuta, trrr, trrr, kama nyenje. Hata ukinunua ubani wa kidole kimoja anakukatia. Siku moja alinichungulia mlangoni.

"Mama Kulwa, ninyi wenzetu mnauza kwa maombi?"

"Kwa maombi na uaminifu, Bi Zuhura."

"Haya. Mimi Mungu namwamini. Mteja namkatia risiti."

Nilicheka naye, nikaendelea na usingizi wangu. Nauita usingizi, ndugu zangu, kwa sababu sina jina jingine la miaka ile.

Kule Puge, wilaya ya Nzega, kuna dada anaitwa Kabula. Ni mjane mwenye watoto watatu, muuzaji wa rejareja kwenye minada, na mweka hazina wa wakinamama wa usharika wao. Mwaka huo mkutano wa wakinamama ulikuwa unafanyika kwao, na wao kama wenyeji waliazimia kushona sare. Walichanga kidogo kidogo, wengine kwa karanga, wengine kwa kuku. Kabula alikuja kwangu na mchango wa wanawake arobaini umefungwa kwenye kitambaa ndani ya blauzi. Tulichagua pamoja kitenge cha kijani chenye njiwa weupe. Nikafunga robota, nikamwandikia karatasi ya baraka, tukaomba tukiwa tumeshikana mikono, akapanda gari.

Hakufika Puge na mzigo. Njiani maofisa wa ukaguzi walisimamisha gari na kuuliza risiti za mizigo yote. Simu yake ilinikuta nakunja nguo.

"Dada, wamenishusha," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea mbele ya watu. "Nimewapa karatasi yako. Wameisoma, wakacheka. Wananiuliza huyu anayebariki ana namba ya mlipakodi?"

Nilikaa chini. Aliniambia kwamba mnunuzi naye ana kosa akibeba mali bila risiti, na kwamba robota linabaki kwao mpaka ijulikane limetoka wapi. Mkutano ulikuwa umebaki siku nne. Kijijini walikuwa wanamsubiri yeye na fundi cherehani alikuwa ameshapima watu.

Hapa ndipo penye aibu yangu, na siwezi kuiruka. Nilimwambia dada yangu Kabula aseme amelinunua kwa mmachinga asiyemjua, pale stendi.

Nilisikia upepo kwenye simu, na lori likipita.

"Nikisema hivyo, dada," akaniambia, "wewe utabaki salama. Mimi nitarudi Puge nikawaambie nini? Watasema nimekula."

Simu ikakatika. Sijui kama ilikuwa salio au ni yeye.

Nilikimbilia kwa Bi Zuhura. Nilimwomba anikatie risiti kwa jina la duka lake, ya robota moja, ili nimtumie Kabula picha. Kidole chake kilitua juu ya ile mashine.

"Mashine hii inaandika tarehe na saa, Mama Kulwa. Inaandika na jina langu. Niwaambie nimeuza njiwa ambao sijawahi kuwa nao?" Kisha akasema kwa upole zaidi, "Nenda kaseme. Ofisi ipo. Si mbali."

Nilirudi dukani. Ilikuwa saa sita na joto lilikuwa limelala juu ya mtaa mzima, hata mafundi bati walikuwa wameacha kugonga. Nilifunga nusu mlango nikajilaza juu ya majora ya vitenge kule nyuma. Hata leo sijui kama nililala au nilikuwa macho.

Niliwaona wapagazi. Walipita katikati ya duka langu, mmoja nyuma ya mwingine, miguu yao imejaa vumbi jekundu, kila mmoja na mzigo wa nguo begani. Hawakuwa na haraka. Walipita kwenye vitenge vilivyoning'inia kama watu wanaopita kwenye majani marefu, na kila mmoja alipogusa nguo, rangi yake ilibaki kidogo kwenye mwili wake. Mbele yao kulikuwa na kijito, na kando ya kijito alikaa mtu, mkononi ameshika vijiti vya kuhesabia. Kwa kila mpagazi aliuliza jambo moja kwa sauti ya kawaida: "Mzigo huu unaujua?" Na kila mmoja alinyoosha kidole nyuma, kwa aliyemfuata. Huyu akanyoosha nyuma, na huyu nyuma, mpaka vidole vyote vikanifikia mimi. Nikageuka na mimi ninyooshe. Nyuma yangu palikuwa na njia nyeupe tupu, jua limeijaa, na mwisho wake, mbali sana, Kabula amesimama mikono mitupu.

Adhana ya adhuhuri ikaniamsha, au ikanirudisha. Shavu langu lilikuwa na alama ya ukingo wa nguo. Nilipiga magoti pale pale kwenye majora. Sikuomba maombi marefu. Nilisema, "Bwana, naujua mzigo." Nikachukua madaftari yangu matatu, nikafunga mlango, nikapanda bodaboda hadi ofisi ya kodi.

Ndugu zangu, nilitegemea kukutana na simba. Nilikutana na binti mwenye ushungi mweupe, akaniambia shikamoo kabla sijafungua mdomo.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kujishitaki."

"Hapa watu huja kulalamika, mama," akasema. "Wa kujishitaki simpati mara nyingi. Kaa kwanza, unywe maji."

Nilimweleza yote, kuanzia kiduka cha zamani mpaka njiwa wa Puge. Alifungua madaftari moja moja. Alisifu mwandiko wangu, na sifa ile iliniuma kuliko kofi. Kisha akayapanga mezani, la bluu, jekundu na la twiga, akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Hawa ni wafanyabiashara watatu?"

Nikasema, "Ni mmoja."

"Basi tuwajumlishe."

Aliandika hesabu kwenye karatasi. Kila daftari peke yake lilikuwa dogo, lisilomtisha mtu. Yakiwa pamoja, yalikuwa yamepita zamani sana kile kiwango ambacho mfanyabiashara akikifikia analazimika kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani. Mauzo ya simu yalihesabika sawa na ya dukani. Mnunuzi wa Kigoma aliyeona picha na mnunuzi wa Ng'ambo aliyeshika nguo, wote wawili wamenunua kwangu.

Nikamuuliza lile lililokuwa limenilaza usingizi miaka yote: kwani kodi hii si ilishalipwa kule Dar? Alishika kwa heshima pembe ya kilemba changu cha kitenge, kunionyesha mvaaji. Akasema mwisho wa yote kodi hii hulipwa na anayevaa. Sisi wauzaji tunaikusanya tu, kila mmoja kwa sehemu yake. Wa jumla anapouza anaitoza na kukata risiti. Mimi ninapouza naitoza na kukata risiti. Nikipeleka ritani, ile fomu ya hesabu za kodi, kila mwezi, natoa ile niliyoitoza, napunguza ile niliyolipa wakati wa kununua kwa risiti halali, na tofauti ndiyo naipeleka. Haitozwi mara mbili. Lakini mmoja akikaa kimya katikati, wa mbele yake anabaki hana cha kuonyesha.

"Kama yule dada wa Puge," akamaliza.

Machozi yalinitoka pale pale kwenye kile kiti cha plastiki. Nilielewa pia jambo jingine ambalo yeye hakulisema. Bei niliyouzia ilipaswa kubeba fungu la watu wote: barabara, zahanati, madawati ya watoto wa Kabula. Mimi nililichukua nikaliita faida, kisha nikatoa fungu la kumi kutoka humo na kuona nimemfurahisha Mungu.

Sitawadanganya kwamba nilitoka nikiruka. Waliniandikia kodi ya nyuma na faini, na nikaomba kulipa kwa awamu. Kiwanja tulichonunua kwa ajili ya uzee wetu, mimi na mume wangu, tulikiuza. Siku ya tatu Baba Kulwa akasema, "Afadhali tulale tukijua tumelala wapi." Nilijisajili, nikanunua mashine. Na robota? Binti yule aliniambia ukweli: taratibu za kulitoa zisingekamilika kabla ya mkutano.

Kwa hiyo Jumamosi, siku ya mkutano, nilipanda gari kwenda Puge mikono mitupu.

Ndugu zangu, niliyoyaona nitayakumbuka mpaka kaburini. Wageni walikuja kutoka kila upande na sare zao, bluu, zambarau, machungwa, kama mashamba yanayotembea. Na wenyeji walisimama mlangoni kuwapokea, wanawake arobaini, kila mmoja na nguo yake ya zamani. Waliimba vizuri, lakini macho yao yalikuwa chini. Kabula hakuwa mlangoni. Alikuwa jikoni nyuma ya kanisa anakoroga sufuria, na hakuna aliyekuwa akikoroga naye. Nilipita karibu na kundi moja nikasikia mwanamke akimwambia mwenzake kwamba bati jipya la mweka hazina sasa linajulikana limetoka wapi. Bati hilo Kabula alilinunua mwaka uliotangulia kwa karanga zake.

Sikungoja wakati wa shuhuda. Nilimwomba mchungaji dakika chache, nikasimama mbele. Vumbi la mlangoni lilikuwa linaelea kwenye mwanga, likinifanya nione watu wote kama wako ndani ya moshi. Nikasema mimi ndiye. Nikasema mchango wenu ulifika mkononi mwangu wote, robota lipo salama, na limezuiliwa kwa sababu mimi, Mama Kulwa wa Tabora, sikutaka kumkatia dada yenu risiti. Nikasema nilimwambia adanganye, naye akakataa.

Vichwa vyote viligeuka kumtafuta Kabula. Hata vya watoto.

Kabula alikuwa amesimama kwenye mlango wa pembeni, mwiko mkononi. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, aliinuka kwenye mkeka akasema kwa Kinyamwezi, nami nawaelezea kwa Kiswahili: "Nguo zitakuja zitakapokuja. Huyu mtoto wetu mumrudishie jina lake leo." Wakaenda, mmoja mmoja, wakamshika mkono. Yule wa maneno ya bati alikwenda wa mwisho, akamnyang'anya mwiko, akarudi naye jikoni.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofunguliwa. Niliondokewa na ule uwepesi wa pamba, nikapata uzito mzuri, wa mtu ambaye miguu yake imegusa ardhi.

Robota lilitoka baada ya wiki mbili. Sare zilishonwa, zikavaliwa sikukuu ya mavuno. Bei zangu za mtandaoni zilibidi zipande, na baadhi ya wateja wakanikimbia, siwafichi. Wengine walibaki, na wako wenye maduka yao walioniambia kwamba sasa ndiyo wananunua kwangu kwa amani, kwa sababu risiti yangu inawasaidia kwenye ritani zao. Kifurushi cha Kigoma kinaondoka na karatasi yake ndani. Bi Zuhura anadai mashine yangu inampigia kelele.

Kuhusu Kabula, kwa miezi mitatu hakuja. Sikumlaumu, nilimwombea. Halafu asubuhi moja kivuli kikakata zile rangi sakafuni, nikainua macho, ni yeye. Alitaka vitenge vya mnada, robota dogo. Nilipokwisha kufunga nilinyoosha mikono, kama zamani, ili tuombe. Yeye akaweka yake nyuma ya mgongo.

"Karatasi yangu kwanza, dada," akasema. "Halafu tuombe mpaka gari liniache."

Nikamkatia. Akaisoma yote, mstari kwa mstari, akaikunja, akaiweka ndani ya blauzi. Kisha akanipa mikono yake yote miwili.

Namshukuru Mungu aliyenitafuta saa sita mchana katikati ya vitenge. Namshukuru mume wangu, na Bi Zuhura aliyekataa, na yule binti wa ofisini aliyenipa maji. Na wewe unayeuza, iwe kwa robota, kwa kipande au kwa picha ya simu, kama kuna mahali unanyoosha kidole nyuma, njoo ugeuke utazame ni nani amesimama kule mwisho wa njia. Usiogope. Yeye aliyenishika mkono mimi nikiwa na madaftari matatu kwenye bodaboda atakushika na wewe. Beba madaftari yako, nenda ukaseme. Amina.